Mbuzi Lazima Ajibu

Mwenya aliingia kwenye uwanja wa Ngosa pale Makomeno, mjini Lubumbashi, bila kubisha hodi, kama alivyoingia miaka yote, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, mbuzi wake yuko wapi. Alikuwa ametoka Kasumbalesa asubuhi hiyo, kofia kichwani, viatu vyeupe vimejaa vumbi la mpaka. Mujinga, mke wa Ngosa, alikuwa jikoni anakoroga uji. Alifuta mikono, akatoka kumwambia kwamba mgonjwa amelala na daktari hataki kelele. Lakini Mwenya si mtu wa kuambiwa ngoja. Alimpita mama wa watu kwenye mlango wake mwenyewe akaenda moja kwa moja chumbani.

Ngosa alikuwa ameegemezwa kwenye mito, miguu imevimba, uso ameuelekeza ukutani. Mwenya alimtazama, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasogea kitandani, akatanua kiganja, akaanza kumpima rafiki yake kuanzia utosini hadi vidoleni, shibiri kwa shibiri, kama seremala aliyeitwa kuchukua vipimo.

“Mbuzi yangu iko inakonda,” alisema, “mais miguu njo inanenepa. Sasa sanduku nitakata namna gani? Juu kadogo, chini kakubwa?”

Mujinga alisikia neno sanduku na damu ikamchemka. Hakungoja la pili. Alimshika Mwenya mkono wa shati, akamburuta ukumbini, akamburuta uwanjani, akamwambia kwamba kifo akapeleke kwao, hapa hakijaitwa. Kofia ilianguka. Mujinga aliiokota akaitupa nje ya geti. Mwenya hakubishana. Aliiokota, akaipangusa, akabaki kando ya barabara anatazama dirisha la chumba cha Ngosa, kana kwamba kuna kitu anakingoja kitoke. Hakikutoka. Akaondoka.

Sasa usimwone Mujinga mkorofi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Waluba wa Kasai waliohamia Lubumbashi zamani, na kwao hakuna mambo ya ukoo wa mbuzi na ukoo wa chui. Kwa akina Ngosa yapo. Ngosa ni mtu wa mbuzi, Mwenya ni mtu wa chui, na watu wa koo hizo mbili ni banungwe: wakikutana wanatukanana, mmoja anachukua kitu cha mwenzake bila kuomba, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mujinga aliyajua hayo tangu alipoolewa. Ila alikokuwa ameyaona zaidi ni msibani, kwa sababu banungwe ndio wanaozika. Wao ndio wanaoosha maiti na kuchimba kaburi, na wao ndio wanaomdhihaki marehemu mbele ya wanaolia. Basi alipomwona chui amesimama kando ya kitanda anapima sanduku, aliona kaburi limeingia nyumbani kwake na viatu vyeupe.

Jioni Israël, mwanawe mkubwa, alimpongeza. Ntumba, mdogo wake Mujinga, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha maombi, alisema hizo zote ni kazi za giza na kwamba sasa mgonjwa atatulia. Na kweli alitulia. Ngosa alikuwa ametulia kupita kiasi.

*

Daktari alikuwa amesema neno moja, repos, yaani apumzike, na nyumba nzima ilikuwa imelidaka na kulikuza. Redio ilitolewa chumbani. Geti lilifungwa kwa mnyororo. Watoto wa jirani waliambiwa wakachezee mbali. Aliyeruhusiwa kuingia aliingia kwa ncha za vidole na kusema kwa mnong'ono, na akitoka alitikisa kichwa. Israël, ambaye anafanya kazi ya ofisi kwenye kampuni ya madini, ndiye aliyenunua dawa, kwa hiyo ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho. Akirudi kazini alisimama mlangoni kwa baba yake, akamuuliza mama yake: amekula? amekojoa? Baba yuko pale pale, masikio yake mazima, anasikia habari za mkojo wake.

Ntumba naye alikuwa na mchezo wake. Kila akileta wageni wa kanisa alifunua shuka, akabonyeza mguu wa Ngosa kwa kidole gumba, akawaonyesha lile shimo linavyobaki. Wageni walisema Yesu, Yesu. Suruali hazikumwingia tena, basi walimfunga kitenge cha maua chekundu cha Ntumba mwenyewe. Bukari, ugali wa huku, waliona ni nzito kwa moyo wake, wakampa uji, na uji wakamlisha kwa kijiko, ingawa mikono haikuwa na ugonjwa wowote. Mikono hiyo ilikuwa imetengeneza radiateur, rejeta za malori ya njia ya Kasumbalesa tangu Israël hajazaliwa. Sasa ililala juu ya shuka na hakuna aliyeihitaji.

Mwanzoni Ngosa alikuwa akijibu. Alisema hapana, alisema nitakula mwenyewe, alisema leteni redio. Walimjibu papa pumuzika. Akapunguza maneno. Baada ya Mwenya kufukuzwa akayaacha kabisa, akageukia ukuta asigeuke tena, na kila aliyemchungulia alisema mgonjwa huyu anapumzika vizuri sana. Mujinga peke yake aliona kwamba hata uji ulikuwa unapita kinywani kwa sababu tu kinywa kilikuwa wazi. Aliogopa, lakini kila alipotaka kusema alikumbuka kwamba amefanya yote aliyoambiwa, na mtu aliyefanya yote aliyoambiwa ana haki ya kulala usingizi. Hakulala.

*

Hospitali walikwenda na gari la Israël. Daktari Daniella alikuwa mwanamke mfupi, kijana bado, asiye na haraka. Alimsikiliza Ngosa kifuani, akamshika miguu bila kuibonyeza kwa maonyesho, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake na kumuuliza anajisikiaje. Israël akajibu kwamba tension, presha ya damu, imeshuka kidogo. Daktari akauliza tena, macho kwa Ngosa. Ntumba akajibu kwamba Mungu yupo kazini. Akauliza mara nyingine, na safari hii Mujinga ndiye aliyejibu, akasema analala vizuri. Ngosa alikuwa anatazama dirisha.

Daktari aliwaomba Israël na Ntumba wasubiri nje na mgonjwa wao. Walipobaki wawili, alimwambia Mujinga mambo bila kuyazungusha. Moyo wa mumewe umechoka na hautapona. Dawa zitapunguza maji, zitampa pumzi, hazitampa moyo mpya. Kama ni miezi au ni zaidi, yeye hajui, na atakayesema anajua asimwamini. Mujinga alipokea yote hayo ameketi wima, mkoba mapajani. Alikuwa ameshayajua.

“Maman,” daktari alisema, “siku yake mubaya mi naijua. Pumuzi inakosa, miguu inavimba. Siku yake muzuri iko namna gani?”

Mujinga alisema siku nzuri ni siku amemaliza uji na miguu imepungua.

“Ile ni siku muzuri yangu na yako. Niko nauliza ya kwake. Ju dawa naweza kuipanga ifuate ile siku, mais kwanza niijue.” Akafunga jalada lake. “Na jambo lingine. Mi nilisema apumuzike. Sikusema anyamaze.”

Mwalimu Mujinga alikuwa ameuliza watoto wa watu maswali maisha yake yote. Alirudi nyumbani na swali moja asilokuwa na jibu lake, na lilimchoma njia nzima, kwa sababu mume ni wake na siku nzuri za mume wake hazijui.

*

Alipofika aliwatuma wote sokoni, hata ambao hawakuwa na la kununua. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akamuuliza Ngosa siku yake nzuri ikoje. Ngosa akatazama ukuta. Alimuuliza kwa upole, alimuuliza kwa Kifaransa, alimuuliza kwa kumshika mkono. Ukuta. Mwisho uvumilivu ulimwishia, na ukiisha kwa Mujinga unaisha wote.

Inafaa ujue kitu kuhusu jina lake. Kwa Waluba wa Kasai, Mujinga ni mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni, ni jina la heshima. Katika Kiswahili cha mji huu ni mpumbavu. Fikiria mwalimu anayesimama mbele ya darasa na jina hilo. Alikuwa amelipigania tangu utoto, na katika nyumba yake neno hilo halikutamkwa ila kumwita yeye, kwa adabu.

“Bon, lala,” alimwambia mumewe. “Bantu bananicheka ju ya jina yangu. Kumbe mujinga wa hii nyumba ni weye. Jina balipatia muntu mwingine.”

Alijuta papo hapo. Lakini kichwa cha Ngosa kilikuwa kimegeuka kwenye mto. Macho yake, ambayo kwa majuma yalikuwa kama ya mtu anayesubiri gari, yalimtazama usoni.

“Sema tena,” alisema. Sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kazi.

Mujinga alisema anaomba msamaha.

“Sitaki pardon. Sema tena.” Akavuta pumzi. “Tangu ulifukuza Mwenya, hakuna muntu ananitukana mu hii nyumba. Bote munanihurumia. Munasema polepole, munanipakaa mafuta, munanivalisha maua. Namna ile banafanyaka maiti. Muntu muzima banamutukana, ju banajua atajibu.”

Akapumzika. Mujinga hakumharakisha.

“Na jibu nilikuwa nayo,” Ngosa alisema. “Alipima sanduku, nikafungua kinywa, we ukamukamata mukono. Chui akaenda na neno ya mwisho. Ile njo inaniuma, Mujinga, kupita moyo.”

Mujinga alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akilini alimwona tena Mwenya amesimama nje ya geti na kofia yake ya vumbi, anatazama dirisha, na sasa alijua alikuwa anangoja nini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliona hasira pia, kwanza juu yake mwenyewe, kisha juu ya kile kitenge chekundu. Alikifungua, akakikunja, akakiweka nje ya mlango. Kisha akachukua suruali ya Ngosa ya kijivu, akaifumua mishono yote miwili ya miguu na kuanza kuishonea vipande vya kitambaa ili ipanuke. Alishona hadi watu wa sokoni waliporudi, na alipoulizwa anafanya nini alisema baba Israël anataka suruali yake.

*

Kesho yake alipanda basi la Kasumbalesa. Angeweza kupiga simu, lakini aliyefukuzwa kwa mkono harudishwi kwa simu, hilo hata Kasai wanalijua. Malori yalikuwa yamepanga mstari hadi macho yanapoishia, madereva wamelala chini yake kwenye vivuli. Mwenya ni déclarant, anawapitishia watu mizigo forodhani, na ofisi yake ni chumba cha mabati ambamo wenye shida na makaratasi hawapungui. Mujinga aliingia na gauni lake la shule. Alikuwa ametayarisha maneno ya msamaha, Kifaransa safi, ameyapanga ndani ya basi.

Mwenya alimsikiliza hadi katikati, akamkatisha mbele ya watu wote. Alisema bunungwe haina pardon, masikio ya kusikia pardon hakuzaliwa nayo. Kama mama maîtresse, mwalimu wa watoto, amekuja kwa niaba yake mwenyewe, akae anywe soda. Kama ametumwa na mbuzi, aseme kile mbuzi alimtuma, na aseme kwa sauti.

Madereva waligeuka kutazama. Mujinga hakuwa ametumwa neno lolote. Alijiona kama mtoto aliyeitwa ubaoni bila kusoma. Akanyoosha mgongo.

“Mbuzi anasema chui ni muoga,” alisema. “Anasema ulipima sanduku, ukatoroka mbele ya jibu.”

Kicheko cha madereva kilitikisa mabati. Mwenya alikuwa anacheka kuliko wote, akitafuta mkoba wake chini ya meza. Lakini kwenye basi la kurudi hakuwa na maneno mengi. Walipokaribia mji alimwambia Mujinga, bila kumtazama, kwamba siku ile alipoiona miguu ya Ngosa alitaka kukimbia. Kwamba alitukana kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Na kwamba alipokaa nje ya geti na jibu halikuja, aliona yamekwisha.

*

Walikuta sebule imejaa. Ntumba alikuwa ameleta kikundi kizima cha maombi, na Israël, ambaye alikuwa amesikia mama yake alikokwenda, alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono kwenye miimo.

“Mama, ule muntu hataingia,” alisema. “Moyo wa papa hautaweza. Akicheka sana anaweza kufa.”

“Na asipocheka hatakufa?”

Israël alisema mama hajui anachofanya. Alisema daktari, alisema repos, na mwisho alisema lile ambalo kila mtu sebuleni alikuwa akilingoja, kwamba dawa zote hapa ni yeye anayenunua.

“Dawa ulinunua, asante,” Mujinga alisema. “Baba yako haukumununua. Toka mu mulango.”

Hakupaza sauti. Ntumba alianza kusema kuhusu mambo ya kipagani, na dada yake akamgeukia, akamwambia kitenge chake kiko kimekunjwa juu ya kiti, akichukue, na siku nyingine akitaka kubonyeza mguu abonyeze wa kwake. Mama mmoja wa maombi akaziba mdomo kwa Biblia ili asicheke. Israël alitoa mikono kwenye miimo. Hakuwa mtoto mbaya, nakwambia. Alikuwa anaogopa, na pesa ndiyo kitu pekee alichojua kuweka kati yake na woga huo.

Ngosa alikuwa ameketi kitandani, amevaa suruali ya kijivu yenye vipande vya kitambaa pembeni. Mwenya alisimama mbele yake, na watu wakajaa mlangoni.

“Ngosa,” alianza. “Route yote ya Kasumbalesa banasema ulitengeneza radiateur ya bantu bote. Leo ya kwako inavuja mu miguu, na hata pa kuweka soudure haujui.”

Ngosa alivuta pumzi, na wote wakavuta naye. “Najua pa kuiweka. Mais fer yangu ya soudure weye njo uliiba.”

Ilikuwa kweli, na Mwenya alikiri kwamba chuma hicho cha kulehemu angali nacho. Akazunguka kitanda. Akawageukia mama wa maombi akawauliza kama wanajua huyu muntu alioa namna gani. Kule Kasai mama wa bibi harusi hupewa mbuzi, sivyo? Basi huyu naye, muntu wa ukoo wa mbuzi, alifunga kamba akapeleka mbuzi kwa mama mukwe. “Aliuzisha ndugu yake ju apate bibi,” Mwenya alisema. “Na mama mukwe akakula ule ndugu na bukari.”

Sebule ilipasuka kwa kicheko. Ntumba mwenyewe alicheka, kwa sababu alikuwapo siku hiyo na nyama ile aliila. Ngosa alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kukoma. Israël aliruka na beseni. Ngosa alinyanyua kiganja: ngoja. Akakohoa hadi mwisho, akafuta midomo yake kwa mkono wake mwenyewe.

“Sanduku,” alisema. “Ulipima ya kwangu, ukasahau ya kwako. Mbuzi ikiisha, chui itakula nini? Pima mbili.”

Mwenya alifungua kinywa, akatafuta, akakosa. Kwa sheria yao alikuwa ameshindwa, na aliyeshindwa hulipa. Ngosa akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa.

*

Hakupona. Nisikudanganye hapo. Lakini Mujinga alirudi kwa daktari na jibu: siku nzuri ya Ngosa ni kukaa barazani, amevaa suruali, barabara iko mbele yake, na watu wanaopita wanamtukana naye anawajibu. Daktari Daniella aliandika, akabadilisha saa za kidonge cha kutoa maji, ili mambo ya mkojo yaishe asubuhi na mchana uwe wake. Chumvi ilibaki imekatazwa, na Ngosa aliilalamikia kila siku hadi mwisho. Bukari alikula kwa mkono wake, kidogo tu, na sombe ya majani ya muhogo isiyo na ladha. Geti lilifunguliwa mnyororo. Siku mbaya zilikuwepo, siku za kukosa pumzi na kushika mkono wa Mujinga hadi unauma, na siku hizo alisema anaogopa, na Mujinga alisema naye anaogopa, wala hawakunong'ona.

Mwenya alikuja kila alipoweza. Siku moja, alipoondoka, Ngosa alisema kuna jambo halijapangwa. Akifa, chui atasimama kaburini na kutukana atakavyo, na mbuzi hatakuwa na kinywa. Nani atamjibia? Kwa watu wake ukoo unapita kwa mama, kwa watu wa Mujinga unapita kwa baba, kwa hiyo Israël na wadogo zake wameanguka katikati, si mbuzi wala si kitu. Ndugu zake wa ukoo waliobaki ni wazee wa Kambove wasiosikia.

Mujinga alisema watafutwe wengine.

“Watafutwe wa nini? We ulienda Kasumbalesa ukamutukana mbele ya ba chauffeur. Nilikutuma mimi?”

“Mi si mbuzi, Ngosa.”

“Mama yako alikula mbuzi yetu yote. Iko mu damu yenu.”

Alimfundisha mchana mmoja baada ya mwingine, pale barazani, jinsi ya kungoja, jinsi ya kutosema sana. Israël aliwakuta hivyo, baba amevaa kofia ya mtu mwingine, mama anasahihishwa matusi. Alisimama kidogo, akaingia ndani. Akarudi na kiti, akakaa.

*

Ngosa alikufa mchana, barazani, kofia kichwani. Banungwe walikuja wakafanya kazi yao. Waliosha, walichimba, walibeba. Makaburini watu walikuwa wengi kuliko Israël alivyotegemea, madereva wa malori na mafundi wa barabarani, na kwaya ya Ntumba katika mavazi meupe. Mujinga alikuwa amejifunga kitambaa cha msiba, na juu ya kitambaa alikuwa amevaa kofia ya Mwenya. Ntumba alimwomba aivue. Hakuivua.

Sanduku lilipokuwa ukingoni, watu walimfungulia chui nafasi. Mwenya alisogea, kichwa wazi, udongo hadi magotini kwa kuchimba. Hii ndiyo saa yake, saa ya kumwambia marehemu kwamba alikuwa mvivu na bahili, kwamba sasa ameliwa. Wazee wa Kambove walisogeza masikio. Mwenya alitazama sanduku. Akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka, kisha machozi yakaanza kumshuka mbele ya umati, na chui hana ruhusa ya kumlilia mbuzi, wala haikuwahi kuonekana. Watu walianza kutazama chini. Ntumba, kwa huruma, akaashiria kwaya ianze.

Mujinga alinyanyua mkono, kwaya ikanyamaza. Alipita mbele ya mwanawe, akasimama ng'ambo ya kaburi. Alikuwa na uchungu wa kutaka kuanguka humo ndani. Akangoja, kama alivyofundishwa.

“Mwenya,” alisema. “Chui muzima, meno yote mu kinywa, na unalilia nyama?”

Mwenya alinyanyua uso uliolowa, akamtazama yule mwanamke wa Kasai chini ya kofia yake. Hakuna ruhusa ya kukasirika, wala hakuna ruhusa ya kunyamaza. Akajifuta pua kwa mkono wenye udongo. Alikuwa mzima, basi ilimbidi ajibu.